Ufagio Mlangoni kwa Saido

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Lozells, Birmingham, wenye nyumba na wapangaji, wenye makaratasi na wanaoyasubiri, kwamba kuanzia Jumamosi ijayo barabara yao itakuwa mji wa kale wa Kijerumani.

Aliyetangaza ni Mkurugenzi Gurnam wa Wakala wa Udugu na Urithi wa Mitaa, akiwa amesimama juu ya kreti la soda mbele ya bucha, na kipaza sauti kilichopiga mluzi kila alipotaja neno "mkakati". Alilitaja sana. Alieleza kwamba Wakala, baada ya mchakato mpana wa kuwashirikisha wadau ambao kwa bahati mbaya hawakufika, umeifanya barabara hiyo kuwa ndugu wa Kleinrebach, kijiji kidogo cha mizabibu kando ya mto huko Ujerumani, chenye ukuta wa kale, mnara wa kale, lango la kale, na nyumba za mbao zilizoegemeana kama watu wanaotoka harusini. Meya wa Kleinrebach anakuja kumtazama ndugu yake. Itakuwa aibu ndugu wasipofanana.

"Kwa hiyo," alisema Mkurugenzi, "mila zote za Kleinrebach zitakuwa na nguvu kamili katika barabara hii. Zote, bila kubagua hata moja. Na zitatangulia amri nyingine yoyote, zikiwemo za ofisi yangu mwenyewe."

Sentensi hiyo ya mwisho haikuwemo kwenye hotuba. Ilimtoka tu, kama zinavyowatoka watu walio juu ya kreti. Umati ukapiga makofi. Lozells watu hupiga makofi tangazo linapokwisha, kwa kuwa likishakwisha njia inapitika.

Aliyetafsiri kwa Kiswahili, akiwa chini ya kreti, ni Évariste. Huyu alikuwa mtu wa Uvira, mrefu, nadhifu, mwenye kadi ya kazi inayoning'inia shingoni hata siku za mapumziko. Cheo chake kiliitwa Afisa Mratibu Msaidizi wa Urithi Shirikishi, wa Muda. Hayo maneno mawili ya mwisho aliyatamka huku akikohoa. Mkurugenzi alikuwa amemdokezea kwamba ziara ikienda sawa, kikohozi kitapona.

Basi Évariste akaingia kazini kwa moyo wote. Ziliundwa kamati.

Kamati Ndogo ya Mvinyo ilikuwa na wajumbe watatu: Sugow, dereva wa teksi, Msomali wa Nairobi, Mwislamu; Dative, mama wa Bukavu, kiongozi wa kwaya, mlokole; na Évariste mwenyewe, ambaye daktari alimkataza pombe na mke wake akaweka mkazo. Kamati ilikaa, ikatafakari, ikapitisha kwa kauli moja kwamba mvinyo utatambuliwa kwa rangi. Ikanunuliwa sharubati ya zabibu ya watoto.

Kamati Ndogo ya Mizabibu ilifunga mizabibu ya plastiki kwenye nguzo zote za taa. Upepo ukavuna mapema. Mashada mengine yalionekana juu ya basi la kwenda mjini, na Wakala ukayaandika kama "ufikiwaji wa maeneo ya pembezoni".

Kamati Ndogo ya Uchafu ndiyo iliyopata taabu. Swali lilikuwa: je, zama za kati zilikuwa chafu au safi? Wengine walisema chafu mno, na kwamba magunia ya taka yaliyokuwa yamelala kona ya barabara kwa majuma yangeweza kubaki kama sehemu ya maonyesho. Wengine wakahofia Meya angeyafungua. Mwishowe ukapitishwa "uchafu wa wastani", na Évariste akatumwa kuhamisha nusu ya magunia hadi barabara ya pili, ambayo haikuwa na urithi.

Mambo yote yakawa yanakwenda vizuri. Kilichobaki ni Saido.

Saido alikuwa mwanamke wa Kisomali aliyekulia Garissa, akapitia Uholanzi akaona baridi ya kule haina maana, akaja Birmingham kwenye baridi yenye maana kidogo. Hoteli yake, kwa maana ya hoteli ya kwetu, ile ya kula na siyo ya kulala, ilikuwa ndani ya nyumba aliyoipanga kwa Wakala, katikati ya barabara. Chapati na maharagwe, wali wa Kisomali wenye ndizi pembeni, sambusa ndani ya kabati la vioo, na Ijumaa Dative alikuwa akiingia jikoni kupika sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya Wakongo. Viti vya plastiki. Meza ndefu ambazo ukikaa tu unajikuta katikati ya mazungumzo ya watu wengine, na kabla ya chai kupoa umeshaombwa uamue nani ana makosa. Ukitaka kujua nani kapata karatasi, nani kaachika, nani kaonekana mtaa wa Balsall Heath akila na asiye wake, hukuwa na haja ya simu.

Évariste aliifanyia hoteli hiyo Tathmini ya Athari za Harufu. Alisimama mlangoni akavuta pumzi. Akaandika kwamba vitunguu, iliki na mafuta ya moto haviwiani na karne ya kumi na nne. Akaandika pia kwamba mna "ukaaji usio na lengo". Kisha akaingia akala, kwa sababu ilikuwa saa ya chakula.

Mkurugenzi alipoisoma tathmini alifurahi sana. Akatoa amri: Jumamosi saa sita mchana hoteli ifungwe ili Meya asiione, na isifunguliwe tena. Nyumba itageuzwa kuwa Kituo cha Kudumu cha Tafakuri ya Zama za Kati, chenye kiti kimoja cha mbao, nyuma ya kamba.

"Nani atakikalia?" Évariste aliuliza.

"Hakikaliwi," Mkurugenzi alisema. "Ndiyo maana ya kamba."

Ijumaa mchana Évariste akaenda kupeleka amri. Hoteli ilikuwa imejaa pomoni.

"Mama Idil," alimwambia Saido, akiinyoosha tai yake, "leo nimekuja kikazi."

"Kwa hivyo huli?"

"Kwanza kazi."

"Halafu ule."

"Halafu nile."

Akasoma. Alisoma kwa Kiswahili kizuri cha redioni, akiweka nukta kila palipostahili. Kadiri alivyosoma ndivyo vijiko vilivyonyamaza, meza moja baada ya nyingine, mpaka ikasikika friza ikinguruma huko nyuma.

Sugow ndiye aliyeanza. "Buda, wacha nikuulize. Ukifunga hii place, sisi tuende wapi?"

"Majumbani kwenu."

"Nyumbani? Mchana hivi? Bibi yangu akiniona nimeingia saa nane atadhani nimefutwa kazi. Ama nimekufa."

"Papa Éva," Dative alisema kutoka dirisha la jikoni, mwiko wa sombe mkononi. "Na weye kabisa? Hapa njo tulikulilia mama yako."

Hilo Évariste hakulitegemea. Lilikuwa kweli. Mwaka wake wa kwanza mjini hapa, hana kadi wala tai, alipigiwa simu kutoka Uvira akiwa kwenye meza ile ya karibu na radieta ya kupasha joto. Watu asiowajua hata majina wakaacha sahani zao, wakakaa naye mpaka jioni. Saido akafunga hesabu ya siku bila kuuza kitu, akazungusha chai. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Walimuuliza mama yake alikuwa anaitwaje.

"Mimi ni mtekelezaji tu," alisema. "Sera inatoka juu."

Sugow akainua macho, akaitazama dari kwa muda. "Juu hapo naona tu hiyo doa ya maji," alisema.

Saido hakupandisha sauti. Alikuwa akifuta meza moja tangu amri ianze kusomwa, na meza ilikuwa imeshang'aa. "Hoteli hii ndiyo imenilelea watoto, Éva. Sina nyingine. Lakini amri ni amri, nimeskia. Kesho nitapika kila kitu kilicho kwenye friza. Sitawaachia hata kiazi. Waambie watu wote waje, hakuna kulipa. Tukifunga, tufunge tukiwa tumeshiba." Akasukuma sahani mbele yake. "Keti. Wali unapoa."

Évariste akala. Ulikuwa wali uleule, lakini siku hiyo hakuomba kuongezewa.

Jumamosi asubuhi watu walianza kumiminika kabla ya moto kushika. Walitoka Lozells, wakatoka Hodge Hill kwa mabasi mawili, wakaja na watoto wanaoulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, wakaja na jirani zao wasiojua Kiswahili wala Kisomali lakini wanajua kula. Na Wakala nao ukaja. Kila baada ya kitambo aliingia kijana mwenye fulana ya njano na utepe wa kupimia, akapima mlango, akapima dirisha, akauliza kiti kimoja cha mbao kingekaa wapi, akatoka, akaingia mwingine. Mmoja alimwomba Dative asimame kando maana alikuwa amesimama juu ya Tafakuri.

"Hawa wageni hawajui kwenda," Dative alisema. "Kwetu, mugeni wa namna hii, unamusimamishia fagio kichwa chini nyuma ya mulango. Unarusha na chumvi. Atakumbuka kwake."

"Hata Garissa," Saido akasema. "Mamangu alimtoa nayo mjomba. Alikuwa amekuja kwa arusi, akakaa mpaka mtoto wa ile arusi akaanza kutembea."

"Ilifanya kazi?"

"Aliamka akasema ameota ngamia wake. Hatukumuona tena."

Saido alikuwa na ufagio wa njiti, wa kwao hasa, aliosafiri nao kutoka Mombasa ndani ya sanduku akimwambia mtu wa forodha ni pambo. Ukaletwa. Hapo pakazuka mjadala, na ulikuwa mjadala wenye nidhamu kuliko wa kamati yoyote ya Wakala.

"Ngojeni kidogo," Sugow alisema. "Nyuma ya mlango ni ya mgeni mwenye yuko ndani. Hawa shida yao ni kwamba wanaingia. Wako nje. Dawa ya mtu wa nje unaiweka ndani itamshika aje?"

Watu wakaona ana hoja. Mzee mmoja wa Baraka, kule Kongo, akathibitisha kwamba hata dawa ya panya huwekwa anakopita panya. Ikapitishwa. Sugow akapanda kiti, akautundika ufagio nje, juu ya mlango, njiti zikitazama mbinguni, na Dative akaupaka chumvi kwa ukarimu. Chini yake, palepale, amri ya kufungwa ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya serikali.

Vijana wa fulana za njano waliutazama, wakaona ni sehemu ya urithi, wakaupima.

Wakati huo Évariste alikuwa kona ya barabara, amevaa soksi ndefu za kubana hadi mapajani, kanzu fupi ya rangi mbili, na kofia yenye unyoya. Mkono mmoja alishika taa, ingawa jua lilikuwa limewaka, na mkono wa pili shoka la plastiki lenye mpini mrefu. Mkurugenzi alikuwa amemteua rasmi, mbele ya wafanyakazi wote, kuwa Mlinzi wa Usiku wa Lozells, "mwenye mamlaka yote ya mlinzi wa Kleinrebach ya kusimamia mila". Wakala haukuwa na posho ya kumpa, ila mamlaka ulikuwa nayo ya kumwaga.

Sugow alimpitia akienda kununua barafu. Akasimama. Akamzunguka mara moja, kama anayekagua gari kabla ya kulinunua.

"Éva. Hiyo ni uniform ama ni kesi?"

"Sugow, niko kazini."

"Naona. Magoti yako pia yako kazini."

Meya akafika. Aliitwa Ottmar, mzee mpana wa mabega, viganja vigumu kama magome, suti iliyoonyesha kwamba huvaliwa mazishini na kwenye mikutano. Alikuwa amefuatana na wanakijiji wenzake wachache, wote na simu mkononi, wakipiga picha za kila kitu. Mkurugenzi akampokea kwa hotuba, akampa kikombe cha sharubati. Meya akaonja. Akaitazama rangi. Akasema, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba ni changa.

Wakampitisha kwenye lango la kadibodi. Wakamwonyesha ukuta wa kale uliochorwa kwenye mabati ya mafundi. Wakamsimamisha mbele ya mnara, ambao ulikuwa mabomba makubwa mawili yaliyofunikwa turubai lenye picha ya mawe.

"Hiki ni nini?" Meya aliuliza.

"Mnara wenu," Mkurugenzi alisema kwa fahari.

"Aa." Meya akaugusa kwa kidole, ukayumba. "Wetu baba yangu aliujenga kwa saruji. Ule wa zamani ulianguka mimi nikiwa shule. Ndani tunaweka baiskeli."

Mkurugenzi akacheka, maana alikuwa amesoma kwamba Wajerumani nao wana utani wao. "Lakini lango, Mheshimiwa. Lango ni la kale."

"Lango ni la watalii. Sisi tunazunguka nyuma. Trekta haipiti."

"Ukuta?"

"Kuna kipande. Mbuzi wa jirani yangu wanapanda."

Évariste, aliyekuwa akitembea nyuma akitikisa taa kila baada ya hatua kadhaa kama alivyoelekezwa, aliona shingo ya Mkurugenzi ikibadilika rangi. Ziara ilikuwa inazama, na dawa ya kikohozi chake ilikuwa ndani ya jahazi.

"Basi, Mheshimiwa," Mkurugenzi alisema, "katika Kleinrebach ni kitu gani hasa ambacho ni cha kale?"

Meya alikuwa amesimama katikati ya barabara, anatazama ng'ambo. Akavua kofia yake. Akawagonga wenzake kwa kiwiko, nao wakatazama, wakaanza kusemezana kwa Kijerumani, kwa sauti za watu waliomwona ndugu yao kituo cha basi katika nchi ya ugeni.

"Mna ufagio," Meya alisema. Akaanza kuvuka.

"Hapo pamefungwa," Mkurugenzi akasema, akimkimbilia. "Mheshimiwa, hapo pamefungwa rasmi."

"Ufagio uko nje," Meya alisema bila kugeuka. "Pakiwa na ufagio nje hapajafungwa."

Akainama kidogo chini ya njiti, chumvi ikamwangukia begani, akaingia. Wenzake wakaingia. Mkurugenzi akaingia kuwatoa, vijana wa njano wakaingia kumsaidia, Évariste akaingia na shoka lake, akalazimika kulilaza ili lipite.

Ndani watu waligeuka wote kwa pamoja. Hawakuwa wamewahi kuona dawa ya kufukuza wageni ikivuta kijiji kizima.

"Dative," Sugow alisema kwa sauti ya chini, "hiyo ufagio yako imeharibika."

"Ni chumvi ya hapa," Dative akasema. "Haina nguvu."

Lakini mgeni akishaingia ameingia. Saido hakuuliza. Sahani zikatoka. Meya akajibana kwenye meza ndefu kati ya Sugow na Dative, bila kusubiri kuonyeshwa nafasi, kama mtu aliyeikalia meza hiyo tangu utotoni. Aliletewa wali wenye ndizi. Akaitazama ndizi, akamtazama Sugow, Sugow akamwonyesha kwa vitendo kwamba ndizi haingoji wali uishe, unauma huku unakula. Akafanya hivyo. Akaletewa chai ya maziwa yenye tangawizi. Akaonja, akaonja tena.

"Hii," alisema, "siyo changa."

Alipokwisha kumaliza sahani ya pili ndipo alipoeleza. Mmoja wa vijana wa njano alitafsiri kwa wazee, kwa kuwa naye alikuwa ameshapewa sahani na alikuwa amekaa.

"Kwetu," Meya alisema, "tangu kabla ya mnara, kabla ya ukuta, mtu akiwa na mvinyo wake na chakula chake, anatundika ufagio mlangoni. Maana yake: ingia, yeyote. Unakaa na usiowajua. Na bwana mkubwa wa ngome, hata awe nani, haruhusiwi kuifunga nyumba yenye ufagio mpaka chakula kiishe sufuriani. Akiifunga, anavaa aproni anaosha vyombo siku hiyo, na mlinzi wa usiku anasimama kuhakikisha. Babu yangu alimwona hakimu mmoja akiosha. Hiyo ndiyo mila ya Kleinrebach. Mengine ni saruji."

Akageuka, akakitazama kioo cha mlango. Amri ilionekana kwa nyuma, na mhuri wake.

"Karatasi hii inasema nini?"

Kijana wa njano akajibu, mdomo umejaa, kwamba inasema hoteli imefungwa tangu saa sita.

"Nani ameifunga?"

Vijana wa njano wakainamia sahani zao.

"Ni matokeo ya mchakato," Mkurugenzi alisema.

"Mchakato una mikono?" Meya aliuliza. "Vyombo vinahitaji mikono."

Simu za wanakijiji zilikuwa zimeshainuliwa. Na simu za Lozells pia, ambazo huwa hazikawii. Mkurugenzi akazitazama, akatazama mlango, akaona watu wameujaza. Kisha akafanya kile ambacho watu wa ngazi yake hufanya bila kukifikiria. Akanyoosha kidole.

"Aliyeleta amri ni Bwana Évariste."

Watu wote wakamtazama Évariste. Alikuwa amesimama karibu na radieta, pembeni ya meza ile, na soksi zake, na taa yake inayowaka mchana. Akaona mambo mawili kwa wakati mmoja: kadi mpya isiyo na neno "muda", na kiti cha mbao nyuma ya kamba, hapohapo aliposimama, ambapo hakuna mtu angeruhusiwa kumlilia mtu.

Akaweka taa mezani. Akakohoa. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha redioni, halafu kwa Kiingereza ili asije akasingiziwa tafsiri:

"Kwa mujibu wa tangazo la Mkurugenzi, mila zote za Kleinrebach zina nguvu katika barabara hii na zinatangulia amri za ofisi yake. Kwa mujibu wa uteuzi wake, mlinzi ana mamlaka yote ya kuzisimamia. Mila inamtaja aliyefunga. Haimtaji aliyetumwa. Saini iliyo mlangoni ni yako."

Akaenda kwenye msumari wa jikoni, akachukua aproni ya Saido, ile yenye maua na doa la manjano, akampelekea Mkurugenzi kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Évariste," Mkurugenzi alisema polepole, "unakumbuka kwamba kazi yako ni ya muda?"

"Nakumbuka, Mkurugenzi. Donc, tusiupoteze. Sufuria za wali zinashika."

Dative akamfungia kamba kwa nyuma. Akafunga mafundo mawili.

Mkurugenzi Gurnam aliosha vyombo mpaka jua likageuka. Aliosha vizuri, tuseme haki, na sufuria kubwa aliisugua hadi Saido akamwomba aache, akiogopa angetoboa. Kila alipoinua kichwa alimkuta Mlinzi wa Usiku amesimama na shoka la plastiki, amenyooka, akitimiza wajibu. Meya aliimba nyimbo mbili za mavuno na Dative akaziwekea sauti ya pili bila kujua neno hata moja. Ripoti ya Wakala iliyotoka baadaye ilisifu "ushiriki wa vitendo wa uongozi katika ngazi ya sinki".

Hoteli haikufungwa. Haikuwezekana kisheria. Ufagio ulibaki mlangoni, na mila inasema mpaka chakula kiishe. Kwa hiyo tangu siku hiyo kwenye kabati la vioo la Saido kuna sambusa moja, pembeni, ambayo haiuzwi. Hubadilishwa kila asubuhi. Mtoto akiililia huambiwa hiyo siyo chakula, hiyo ni wakili.

Jumatatu Évariste aliitwa ofisini arudishe kadi yake. Hakushangaa. Alivaa tai, akaondoka nyumbani mapema kuliko ilivyohitajika.

Mkurugenzi alifika akiwa na hotuba ya kumwachisha kazi mfukoni. Aliikuta sebule ya Wakala imejaa. Sugow alikuwa amekaa karibu na mashine ya kutoa namba, anamsimulia Saido habari za mtu wa Hodge Hill. Dative alikuwa amevua viatu. Mzee wa Baraka alikuwa na thermosi tupu ameishika kwa matumaini. Viti vyote, ambavyo kwa kawaida watu hukalia wakingoja namba zao kwa unyonge, vilikuwa vimesogezwa vikatazamana.

"Hawa wote wana miadi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Hapana," Évariste akasema. "Wamekuja kukaa."

"Nani kawaruhusu?"

Évariste akamwonyesha mlango kwa kidevu. Juu yake, njiti zikitazama mbinguni, ulining'inia ufagio mwingine.

Mkurugenzi akautazama sana. "Watoe," alisema. "Nakuamuru. Bado hujarudisha kadi."

"Kama afisa ningeweza. Lakini mimi bado ni mlinzi, Mkurugenzi, na nimetafuta utaratibu wa kumwondoa mlinzi, Wakala hauna. Mila ni mila. Wataondoka chakula kikiisha."

"Chakula gani? Hapa hakuna chakula. Hapa hapajawahi kuwa na chakula."

"Ndiyo shida yenyewe," Évariste alisema. "Kisichokuwepo kitaishaje?"

Dative akainua kichwa kutoka kwenye kiti chake. "Bosi," aliita, bila haraka, kama mtu anayejua atakuwepo siku nyingi. "Jikoni iko upande gani? Batu banangojea."

Mkurugenzi akageuka kumtafuta msaidizi wake. Évariste alikuwa amekwisha kukaa, kati ya Sugow na Saido, mguu juu ya mguu, akikung'uta chumvi iliyomshika vidoleni.